Mpishi wa Meli na Pipa la Matofaa

(Haya ni maneno niloongea kwenye jioni ya vitabu hapa kwetu Tanga. Kijana mmoja aliyarekodi kwenye simu akaniletea, mi nikayaandika, nikakata pale nilipokohoa na pale nilipojirudia.)

Assalam aleikum, na kwa wasio wa salamu hiyo habari za jioni. Nimeambiwa nina dakika 40. Nikamwambia huyo aloniita, mtu aliyekaa baharini miaka 19 humpimii dakika, unamwekea maji ya kunywa unasubiri achoke mwenyewe.

Wiki zilizopita mmeletewa vitabu vya maana hapa, kuna mmoja alileta cha siasa, mama mmoja akaleta cha ujasiriamali tukaandika hadi notsi. Mimi leo nimeleta cha maharamia. Msicheke jamani. Kwa Kiswahili kinaitwa Kisiwa Chenye Hazina, kilishatafsiriwa tangu enzi za Mwingereza, na mwandishi wake ni Mskoti, Robert Louis Stevenson. Kilianza kutoka vipande vipande kwenye gazeti la watoto mwaka 1881 na 1882, kikawa kitabu 1883. Watu wengi wanakijua kwa juu juu, ramani, kisiwa, mguu mmoja, kasuku anapiga kelele, basi, hadithi ya watoto. Mimi nakisoma kama mtu alopika melini. Na msione najipendelea, Stevenson mwenyewe mwanzo alikiita Mpishi wa Meli, mwenye gazeti ndo alokibadilisha jina. Yaani kwa mwandishi habari yenyewe ilikuwa mpishi, hazina ilikuja kuuzia gazeti.

Na mnajua kwa nini mpishi? Kwa sababu nahodha mnamkumbuka bahari ikichafuka, fundi wa injini mnamkumbuka injini ikikohoa, lakini mpishi mnamwamini mara 3 kwa siku na wala hamjui kama mnamwamini, mnapokea sahani mnakula, kilichobaki ni kulalamika chumvi. Sasa mwandishi akachukua mtu huyo huyo, ambae hakuna anaemfikiria, akamfanya ndo nyoka mwenyewe.

Wacha nieleze kidogo kwa ambao hawajasoma. Kuna kijana anaitwa Jim Hawkins, mama yake na baba yake wana gesti ufukweni Uingereza huko, miaka ya 1700 na kitu. Anakuja mlevi mmoja mzee, baharia, ana kovu shavuni, ana sanduku. Huyu mlevi anamlipa Jim kila tarehe 1 kijisarafu cha fedha, kazi yake kuangalia tu barabarani kama anapita baharia mwenye mguu mmoja, akimwona amwambie haraka. Kijana anaota huyo mtu wa mguu mmoja usiku, upepo ukivuma anamwona anaruka ua anamkimbiza. Kwa hiyo tangu kurasa za mwanzo huyu mtoto ameshapewa alama. Sio alama ya kutafuta sana bwana, mguu mmoja!

Halafu mlevi anakufa, ramani inapatikana, kina mwinyi mmoja anaitwa Trelawney na daktari Livesey wanaamua wakanunue meli waifuate hazina. Jim anafuata Bristol, na huko anatumwa akapeleke barua kwa mwenye hoteli ya mabaharia. Anafika, anamkuta mwenye hoteli hana mguu wa kushoto, umekatwa juu kabisa, anaruka na mkongojo kama ndege. Mwili wake kijana unashtuka, ndo huyu nini? Halafu anamwangalia vizuri, mtu msafi, mchangamfu, anapiga bega wateja, anacheka. Anajiambia aah, maharamia nimeshawaona mimi, nimemwona yule kipofu, nimemwona yule aliyekatika vidole, nawajua walivyo, huyu sio.

Mimi hapo ndo huwa nafunga kitabu kwanza. Alama alipewa, alama ameiona kwa macho yake, na bado akaikataa kwa sababu shati la mtu lilikuwa safi. Na tusimcheke mtoto. Nani hapa hajawahi kumpa mtu hela kwa sababu alivaa vizuri na anaongea kwa heshima? (Hapo nilisimama kidogo maana watu walianza kuangaliana.)

Mwinyi Trelawney ndo kabisa. Yeye ndo alosema atakuwa bubu kama kaburi kuhusu ramani, akafika Bristol akamwambia kila mtu. Akaandika barua kwa wenzake anajisifu kuwa amempata huyo mlemavu bandarini kwa bahati tu, kwamba mguu alipoteza vitani akitumikia nchi, masikini hana hata pensheni, na tena ana akaunti benki haijawahi kukosa hela. Na huyo huyo ndo akamsaidia kumtafutia mabaharia. Mmesikia hapo? Hakuchagua nahodha, alichagua mpishi na mpishi akachagua meli nzima.

Jina la mpishi ni John Silver, na zamani alikuwa kwenye meli ya haramia Flint, cheo chake kilikuwa kile cha mtu anaegawa. Hiki cheo kwenye meli za maharamia wa kweli, wale wa miaka ya 1710 na 1720, kilikuwa kikubwa kweli. Mabaharia walikipigia kura, mwenye nacho ndo anagawa chakula, anagawa ngawira, na anamzuia nahodha asiwaonee watu. Maharamia walikuwa na kanuni walizowekeana saini, za haramia mmoja anaitwa Bartholomew Roberts zilichapishwa, zinasema taa zizimwe saa 2 usiku, mtu asicheze kamari ya hela, na atakaewaibia wenzake hata thamani ya dola moja anatelekezwa kisiwani. Wezi, lakini kwa kushukiana kwao wameandika katiba kuliko vikoba vyetu. Ndo maana nasema huyu Silver hakuwa mjinga, alikuwa mtu wa kuaminiwa na wasioaminiana, na kazi hiyo ngumu nyie.

Sasa anaingia nahodha halali, Kepteni Smollett. Siku ya kwanza tu uso umekunjwa. Anaomba kuongea na wakubwa, anasema safari siipendi, mabaharia siwapendi, msaidizi wangu simpendi. Mwinyi anafura, anamwona mtu wa ovyo, hana adabu. Lakini msikilizeni anachotaka. Hasemi fulani ni mwizi, mtu hana ushahidi hamtaji mtu. Anasema baruti na silaha mmeweka mbele, huko wanakolala mabaharia, ileteni nyuma chini ya kabini. Watu wenu 4 mnaowaamini walale huku karibu na nyie. Na siri yenu ya ramani kila mtu humu anaijua, na hata mchoro wa kisiwa mtu anautaja kwa digrii. Basi. Anahamisha mapipa, ndo namna yake ya kushuku.

Mimi nimefanya kazi na nahodha wa namna hii. Simtaji na meli siitaji. Alikuwa kila kabla ya kung'oa nanga anapita na chaki, anahesabu laifu jaketi kwa mkono, moja moja, anaandika namba mlangoni, halafu anahesabu vichwa, vikizidi haondoki, hata awe nani anapiga simu. Anaingia jikoni anapima mafuta ya taa kwa kijiti. Tulimchukia! Tukamwita Karani. Tulikuwa tunasema huyu anatuona wote wezi. Baadae nikahamia kwenye meli nyingine nahodha mcheshi, anakula na sisi, haulizi kitu, na miezi 2 haikuisha nikajikuta usiku nalala na pesa kwenye soksi. Nikamkumbuka Karani. Kwa Karani nlikuwa naacha suruali imening'inia ina mshahara ndani.

Turudi. Daktari Livesey, mtu mwenye akili kuliko wote humo, baada ya Smollett kutoka anamwambia mwinyi kwamba ameshangaa, naona umepata watu 2 waaminifu melini, huyu nahodha na John Silver. Nusu amepata, nusu amekosa, na kwenye bahari nusu ni nyingi sana.

Wanasafiri. Sasa hapa mtaniruhusu niseme kuhusu jiko lake maana ni sehemu ninayoipenda na hakuna anaeizungumzia. Mtu wa mguu mmoja anapikaje meli ikiyumba? Stevenson ameeleza vizuri mpaka mi nikajua huyu ameshaona jiko la meli. Silver anachomeka ncha ya mkongojo kwenye ukuta wa mbao, anauegemea, mwili anauacha ufuate meli inavyoenda, anapika kama yuko nchi kavu. Kwenye sehemu pana za deki walimfungia kamba za kushika, anarukia hii anadaka ile. Mimi na miguu yangu 2 kusi likivuma mwezi wa 7 kwenye mkondo wa Pemba pale, nlikuwa mgongo nimeuegemeza gunia la unga, mguu mmoja kwenye fremu ya mlango, na sufuria zimezuiwa na kile chuma cha kuzunguka jiko zisiteleze, na bado uji unanimwagikia. Kwa hiyo mtu anaeweza vile unampenda tu, huwezi kumshuku. Jiko lake linang'aa, sahani zimesuguliwa zimetundikwa, kasuku kwenye kitundu pembeni, na kila Jim akipita anaitwa njoo mwanangu, njoo upige stori na John.

Wakati huo msaidizi wa nahodha anakunywa pombe kila siku na hakuna anaejua anapata wapi, usiku mmoja wa giza bahari imechafuka akapotea, hakuonekana tena. Kitabu hakisemi nani alikuwa anampa. Msomaji mwenyewe apige hesabu nani melini anashika vya kunywa.

Pipa sasa. Mwinyi, kwa ukarimu wake, aliagiza pipa la matofaa liwekwe wazi katikati ya meli, kila mtu ajichukulie. Nahodha akanuna, akasema sijawahi kuona jema likitoka huko, ukiwadekeza watu wa mbele unatengeneza mashetani. Mwalimu wetu shuleni alitusimulia hii hadithi akasema pipa la matofaa, na sisi watoto wa huku tofaa ni lile letu la waridi, laini, linaiva msimu wake limejaa maji, mi nikawa nashangaa kwa miaka, vile vitofaa vyetu siku 3 vimeoza, hawa wamekaaje navyo baharini wiki na wiki? Nlikuja kujua mkubwa kuwa ni yale ya Wazungu, haya tunayoita epo. Mpaka leo nikisoma naona la waridi.

Jioni moja, safari imekaribia kuisha, Jim anataka tunda kabla ya kulala. Pipa linakaribia kuisha, inabidi aingie mwili mzima, na kule ndani gizani maji yanavyopiga na meli inavyobembea anataka kusinzia. Mtu mzito anakuja anakaa, anaegemeza mabega kwenye pipa, pipa linatikisika. Anaanza kuongea. Ni Silver.

Anamshawishi baharia kijana ajiunge na maasi. Na ni nini kilichomuuma Jim zaidi? Sio kusikia kwamba watauawa, hapana. Ni kwamba Silver anamsifia yule kijana, wewe bado mdogo lakini akili yako inang'aa, kwa maneno yale yale, neno kwa neno, aliyomsifia yeye Jim siku ya kwanza Bristol. Jim anasema angeweza angemuua kupitia ubao wa pipa. Nyie mliowahi kupendwa na mtu halafu mkakuta meseji alizokutumia wewe amemtumia na mwingine, mnanielewa. (Hapo kelele zilikuwa nyingi, mama mmoja nyuma akasema haswaa.)

Sikilizeni kitu kingine Silver anachosema pale, maana watu wanakipita. Anamwambia yule kijana kuwa hela zake hajaziweka pamoja, kidogo hapa kidogo pale, na popote sio nyingi, kwa sababu ya kushukiwa. Kijana anamuuliza za Bristol si zimepotea sasa, anajibu mke wangu ameshauza kila kitu ameshazichukua, yuko njiani tukutane. Wapi? Akasema ningekwambia maana nakuamini, ila wenzako wataona wivu. Kijana akamuuliza na mkeo unamwamini? Akajibu kwamba watu wa kazi yetu kwa kawaida hawaaminiani, na wanafanya sawa, lakini mimi nina namna yangu. Yaani mtu anaongoza maasi na wenzie, na katika dunia nzima anaemwachia hela ni mke wake peke yake. Jamaa katikati ya kupanga kuua watu anatoa siri ya ndoa nzuri.

Na hii ya pipa, Stevenson hakuitoa kichwani. Baba yake, Thomas Stevenson, alikuwa mhandisi wa minara ya taa za bahari, na babu yake pia, ukoo mzima wamejenga minara kwao Uskoti, ile kama wetu wa Ulenge pale. Thomas alipokuwa mtoto alikuwa anapanda meli ya kuhudumia minara na baba yake, na nahodha wa meli ile, anaitwa Soutar, mbele ya bosi alikuwa mnyenyekevu, ndio mzee, sawa mzee. Usiku mmoja wa mvua mtoto akajificha ndani ya pipa la matofaa kwenye deki, akamsikia Soutar anaongea na mwenzie. Ni mtu mwingine kabisa. Mhuni, mdomo mchafu, mkali. Miaka ikapita, mtoto yule akawa baba, akamsimulia mwanae, mwanae akaweka kitabuni. Na Thomas mwenyewe kitabu kilipokuwa kinaandikwa alikaa karibu siku nzima anaorodhesha vitu vya kuweka kwenye sanduku la yule mlevi. Mzee wa watu alikuwa bado yuko ndani ya pipa lake.

Basi Jim anatoka anawaambia wakubwa. Wanahesabu. Melini wako 26, wanaoweza kuwaamini ni 7, na mmoja wa hao 7 ni mtoto, kwa hiyo watu wazima 6 kwa 19. Mwinyi anakubali kwamba yeye ni punda, ndo neno lake. Na Smollett, hapa ndo nampendea, hasemi si niliwaambia. Anasema punda hata mimi, maana sijawahi kusikia mabaharia wanaotaka kuasi wasionyeshe dalili, na hawa hawajaonyesha. Kushuku kwake kote, kuhama kwa baruti kote, bado hakujua. Aliyejua ni mtoto alofuata tunda. Kushuku sio kujua, watu wa pwani tunachanganya sana haya mawili, mtu akimshuku jirani wiki moja wiki ya pili anasimulia kama aliona.

Halafu wanafanya kitu kigumu kuliko kupigana, wanarudi kwenye deki wanacheka na watu. Hawawezi kugeuza meli, wakigeuza watauawa hapo hapo. Na katika wale 19 nahodha anasema wapo wema, hatujui nani. Hiyo ndo bahari bwana. Mna bakuli moja la mchuzi na hujui mkono upi.

Silver kule kisiwani anamsihi baharia mmoja anaitwa Tom, mtu mwema, ajiunge. Tom anakataa, anasema bora nikatwe mkono. Anageuka anaondoka zake. Silver anashika tawi la mti kwa mkono, anarusha mkongojo, ule ule anaochomeka ukutani akipika, unampiga Tom katikati ya mgongo, halafu anamrukia anamaliza kwa kisu. Jim anaangalia kichakani. Mimi ile sehemu nilisomewa nina miaka 12 sikulala.

Lakini kuna mwingine, Abraham Gray, fundi seremala msaidizi. Smollett na wenzake wanaihama meli, wako kwenye mashua tayari, risasi zinaweza kuanza wakati wowote. Nahodha anasimama anaita juu kwa sauti, sio jamani mlio wema njooni, hapana, anaita jina. Abraham Gray, nasema na wewe. Kimya. Anarudia, Gray, mimi naondoka kwenye meli hii na nakuamuru umfuate nahodha wako, najua chini ya moyo wewe ni mtu mzuri, na hata hao wengine hakuna alomuovu kama anavyojionyesha. Nimeshika saa mkononi, nakupa sekunde 30. Kimya tena. Halafu vurugu ndani, ngumi, na Gray anatoka mbio ana kisu kimempasua shavu.

Nani alimwita? Yule mnunaji. Yule aliyesema siku ya kwanza mabaharia hawa siwapendi. Mwinyi aliyewapenda wote, hakuna hata mmoja aliyemwita kwa jina. Smollett alikuwa anawaangalia mmoja mmoja, ndo maana aliweza kuona kuwa huyu Gray bado anayumba. Karani wetu na yeye alikuwa anajua nani ana mtoto mgonjwa.

Na msidhani maasi ni ya hadithi tu na kwamba anaeasi siku zote ni Silver. Mwaka 1797 mabaharia wa jeshi la Uingereza waligoma pale Spithead karibu na Portsmouth, meli 16 za kivita, wakachagua wajumbe wawili wawili kila meli. Mshahara ulikuwa haujapandishwa zaidi ya miaka 100. Na dai jingine mnajua nini? Ratili. Ratili ni wakia 16, wao mgawaji wa chakula alikuwa anawapimia 14, wakia 2 zinabaki kwake kwa desturi. Miaka na miaka mtu anajua sahani yake imepunjwa na anajua na nani. Pale wala hakukuwa na hazina, ilikuwa nyama na jibini. Ukitaka kujua kama meli ina amani usiende kwa nahodha, nenda kwenye mizani ya stoo.

Niseme la jikoni kwangu nimalizie maana naona mwenyekiti anaangalia saa.

Nlikuwa na miaka 22, msaidizi wa mpishi, meli ya mizigo, saruji na chumvi na wakati mwingine ng'ombe, Tanga Pemba Unguja. Watu 11 na nahodha. Siku moja 7 wakaugua pamoja, kutapika na kuhara, mtu anatoka chooni anapishana na mwenzie anaingia. Hakuna aliyetuambia kitu. Walianza tu kula biskuti zao. Nlipeleka birika la chai asubuhi nikalirudia saa 4 limejaa vile vile, limepoa, juu limeweka ngozi ya maziwa. Hiyo ngozi ndo ilikuwa hukumu yetu. Mpishi wangu, mzee wa watu wa Pangani, hakujitetea. Mchana akabeba sinia la wali mwenyewe, akaenda katikati ya deki akaliweka chini, akakaa, akamega tonge upande wake akala. Akaligeuza sinia, akamega upande wa pili. Akaligeuza tena. Pande zote, taratibu, anatafuna, hamwangalii mtu. Akainuka akarudi jikoni akaanza kuosha sufuria.

Tukaja kufungua tangi la maji Unguja. Panya. Kifuniko hakikufungwa vizuri, na zamu ya tangi wiki ile haikuwa ya jikoni. Kuna mmoja alikaa kimya sana siku hiyo. Msamaha hatukuombwa, watu wakarudi kula kama kawaida, utani ukarudi, chumvi imezidi na nini. Lakini mzee aliendelea kuonja mbele yao, kila siku, mpaka anastaafu. Nlimuuliza mara moja, mzee mbona bado? Akaniambia nlitaka kujua wali umeiva.

Ndo maana kwenye kitabu kuna kipande kinanigusa kuliko mapigano yote. Mwishoni waasi wanaumwa homa, wamelala karibu na dimbwi la maji machafu, na daktari Livesey, adui yao, anakuja asubuhi anawapima ulimi, anawapa dawa, na wao wanazimeza. Watu waliokuwa hawaaminiani hata kugawana ratili ya nyama wanapokea kidonge kutoka mkono wa adui, wametulia kama watoto wa shule. Na dakika hizo hizo Jim, ambae wamemkamata, daktari anamnong'oneza ruka ua tukimbie, Silver amesimama mbali kidogo amempa nafasi ya kuongea. Jim anakataa. Anasema nimeshampa neno langu. Neno amempa nani? Silver! Muuaji. Na Silver alimwamini, yeye aliyegawa hela zake vipande vipande kwa kuogopa watu, alimwacha mtoto asogee uani kwa neno tu. Tena kwenye kitabu kizima hakuna neno lililotimizwa safi kama hilo.

Silver mwenyewe hawakumnyonga. Njiani kurudi, meli imetia nanga bandari moja huko ya joto, akatoroka usiku na mfuko mmoja wa sarafu, na hakuna aliyemfukuza, walifurahi wamepona naye kwa bei rahisi. Jim anasema labda amempata mkewe yule, wanakaa na kasuku. Mi naamini alimpata. Yule mke alikuwa ameshauza hoteli, angeweza kupotea na hela zote, ila nadhani alimsubiri.

Haya, maswali baadae. Chai iko pale nyuma, ya tangawizi, nimepika mwenyewe, na kikombe cha kwanza nimekunywa mimi.